Anza na Majina

Mpiga picha akifariki katika sehemu zetu za Rangwe, matanga yake hupangwa kama ya mtu mwingine yeyote. Hema hufungwa, vipaza sauti hukodiwa, kijitabu cha wasifu hupelekwa Homa Bay kuchapishwa. Halafu mchapishaji anaomba picha ya marehemu, na nyumba nzima inaanza kupekua. Mtu aliyepiga kipaimara cha watoto wa Asumbi, harusi za Kagan na Kochia, na picha za vitambulisho za vijana wa kila kijiji hapa, hana picha yake mwenyewe. Siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Mwishowe huchukuliwa ile ya kitambulisho cha taifa, ikakuzwa mpaka uso ukawa vidoa vidoa, na ndiyo inayowekwa juu ya jeneza. Jambo hili huniuma kila ninapoliona, maana kando ya kaburi huwa wamesimama wanafunzi wake, kamera shingoni.

Makala haya nimewaandikia wanafunzi hao. Tuko wengi kuanzia Oyugis na Rodi Kopany hadi Ndhiwa, Rongo, Awendo na Migori mjini. Tulifunzwa na mtu mwenye studio ya chumba kimoja sokoni: pazia lililochorwa maua, kiti kimoja kizuri, kioo na kitana karibu na mlango. Hakutupa cheti. Alitupa kazi, na wako kati yetu waliosomesha watoto kwa kazi hiyo. Mwalimu wangu sitamtaja jina, kwa kuwa nyumba yake ndiyo yenye haki ya kuamua hilo. Sisi wanafunzi tulimwita Japuonj, yaani mwalimu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa.

Ukitaka kumkumbuka mtu wa aina hii, anza na maboksi yake. Kila mpiga picha wa zamani ameacha maboksi: ya karatasi za kusafishia picha, ya viatu, mikebe ya biskuti iliyojaa negativu. Na ndani ya maboksi hayo anza na majina, kabla ya kufikiria mashine yoyote. Vijana wengi hukimbilia kuskani. Naelewa kwa nini: kuskani kunaonekana kuwa kazi, unaona faili zikiongezeka, unaweza kuwaonyesha watu. Lakini negativu itasubiri mwaka mmoja au miwili zaidi. Mzee anayejua ni nani aliyekaa kwenye kile kiti mwaka 1978 hatasubiri.

Tazama yaliyompata Priya Ramrakha. Alizaliwa Nairobi mwaka 1935, na kipaji chake kilitambuliwa na mpiga picha wa Marekani, Eliot Elisofon, aliyemsaidia kwenda kusoma upigaji picha Los Angeles. Akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupigia picha majarida ya Time na Life, akapiga harakati za uhuru katika nchi nyingi za bara hili, na Oktoba 1968 akauawa kwa risasi vitani Biafra akiwa kazini. Baada ya hapo kazi yake ilikaa miaka mingi katika gereji moja Nairobi, mpaka jamaa yake, mtengenezaji filamu Shravan Vidyarthi, alipoifikia na kuanza kuipanga. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 2018, nusu karne baada ya kifo chake.

Kisa hicho hutia moyo, lakini usikichukulie kama dhamana. Ramrakha alipiga picha za viongozi na matukio makubwa, na mwanahistoria yeyote anaweza kumtambua Kenyatta au Mboya hata kama bahasha haina maandishi. Mama wa Gem aliyevaa gauni la Jumapili, ameshika mkoba wa kuazima wa studio, hatatambuliwa na profesa yeyote. Wanaomjua ni yeye, watoto wake, majirani zake na aliyempiga.

Kwa hiyo, kama mwalimu wako yu hai, nenda asubuhi kabla hajachoka. Beba boksi moja tu. Weka simu mezani irekodi sauti, kwa idhini yake, kisha chukua negativu moja moja uziinue kwenye mwanga wa dirisha. Usiulize tu, “Huyu ni nani?” Swali hilo humtia mzee kwenye mtihani, na akishindwa mara tatu atanyamaza. Uliza: hii ilikuwa harusi ya nani? Kanisa gani? Walilipa kwa pesa au kwa kuku? Ilikuwa kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la 1982? Kabla au baada ya zile mvua za El Niño? Watu wetu huzikumbuka tarehe kwa namna hiyo, na ukishapata tukio, mwaka unaupata.

Jina nalo liandike lote. Hapa kwetu “Akinyi” peke yake haimtambulishi mtu. Kila boma lina Akinyi wake, aliyezaliwa asubuhi kama wenzake. Andika jina la ubatizo, jina la Kijaluo, jina la baba au la mume, boma, na kwa mwanamke aliyeolewa, ukoo aliozaliwa. Nyar Kochia (binti wa Kochia) aliyeolewa Kagan na nyar Kagan aliyeolewa Kochia ni watu wawili, na katika rundo la negativu za miaka ya sabini huenda wamevaa vazi lile lile la studio. Kama wanaomkumbuka humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, min fulani (mama fulani), hilo nalo liandike.

Kuna kitu kimoja ambacho familia hukitupa kwanza kwa kudhani ni takataka: daftari la studio. Ni lile lenye tarehe, namba, jina la mteja, malipo ya awali na deni. Mara nyingi namba iliyo kwenye daftari ndiyo iliyoandikwa juu ya bahasha ya negativu. Daftari hilo likipotea, umepoteza ufunguo wa kazi yote. Ukisikia mwalimu ameaga, na kama una uhusiano mwema na nyumba ile, uliza habari za daftari kabla watu hawajaanza kusafisha chumba kwa ajili ya wageni wa mazishi. Wajane huwa na mengi ya kuangalia siku hizo, na chumba cha studio hupangishwa upesi.

Ikiwa mwalimu ameshatangulia na majina amekwenda nayo, bado kuna njia. Safisha picha kubwa kidogo za zile nyuso zisizojulikana, uzipeleke mahali wazee wanapokutana: baada ya misa, kwenye mkutano wa chama cha akina mama, kwenye baraza la chifu. Ziweke mezani na penseli kando yake. Usiwasimamie. Wakiachwa wenyewe watabishana, na katika ubishi huo majina yatatoka, na zaidi ya majina. Utaambiwa nani alikopa koti lile na nani alikataa kuoana na nani. Mengine yatakuwa ya kuandikwa, mengine ya kuachwa palepale.

Sasa maboksi yenyewe. Negativu huharibiwa na joto na unyevu, na sisi tunaoishi karibu na ziwa, chini ya mabati, tuna vyote viwili. Ukifungua mkebe ukasikia harufu kali ya siki, ujue filamu imeanza kuoza, na mvuke wake huambukiza zilizo jirani. Zitenge hizo, ziwe za kwanza kuskaniwa. Zilizobaki zitoe kwenye mifuko ya nailoni na ya plastiki laini, uzitie katika bahasha za karatasi, kila ukanda bahasha yake, kisha katika boksi la karatasi ngumu. Boksi liwe ndani ya nyumba, juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Chini ya kitanda mafuriko na mchwa hufika. Karibu na dari mabati hupika.

Shika negativu kwa kingo zake tu, maana alama ya kidole hubaki daima. Nyuma ya picha iliyosafishwa andika kwa penseli laini, karibu na ukingo, wala usitumie kalamu ya wino. Usiunge picha iliyochanika kwa utepe wa gundi. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige ikiwa humo humo, umeiegemeza mahali pasipo na mng'ao. Zile albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu, zilizouzwa sana miaka ya themanini, hula picha polepole, basi zihamishe zile zinazotoka kwa urahisi. Na jua kwamba picha za rangi za miaka hiyo hupauka hata zikiwa gizani, ilhali za nyeusi na nyeupe, zikisafishwa vyema, hudumu zaidi. Ukiwa na muda mchache, nakili za rangi kwanza.

Kuskani hakuhitaji mashine ghali. Tableti yenye skrini nyeupe iliyoongezwa mwanga hadi mwisho, kipande cha kioo safi kilichoinuliwa vidole viwili juu yake ili vidoa vya skrini visionekane, negativu juu ya kioo, na kamera yenye lenzi ya karibu iliyofungwa kwenye tripodi ikitazama chini. Zima taa nyingine. Piga, kisha geuza rangi kwa programu ya kawaida. Jina la faili liwe na namba ya daftari. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja katika nyumba au mji mwingine. Kadi ya simu usiihesabu kamwe kuwa hifadhi.

Nimesema mengi juu ya maboksi, lakini mwalimu alitupa kitu kingine ambacho hakimo ndani yake. Mohinder Dhillon, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga filamu mashuhuri wa Kenya, alianzia Halle Studio, Nairobi, ambako Edith Haller alimwajiri akiwa hajui mengi zaidi ya kutumia kamera ya Box Brownie. Uzeeni Dhillon aliandika kumbukumbu za maisha yake, My Camera, My Life, kabla ya kuaga mwaka 2020. Si lazima wewe uandike kitabu. Nunua daftari la shule, uandike humo kila neno unalolikumbuka kutoka kwa mwalimu wako, kwa lugha aliyolisemea. Kama alisema kwa Dholuo, liandike kwa Dholuo. Waite wanafunzi wenzako waongeze yao, maana kila mmoja alifunzwa kwa siku zake na kwa makosa yake.

Nitatoa mfano wa ninayoyaandika mimi. Japuonj hakumruhusu mtu mweusi kusimamishwa mbele ya ukuta mweupe juani. Alisema ukuta utachukua picha yote na uso utabaki giza. Alimsogeza mteja kwenye kivuli cha upenu, uso ukielekea uwanja, na chini akatandaza shuka jeupe au akaegemeza bati jipya ili mwanga urudi kidevuni na chini ya macho. Kwa kipaimara, ambako mtoto amevaa nyeupe tupu, alipima mwanga kwa uso na kuiacha nguo ijitegemee. Miaka mingi baadaye nilisoma vitabu vikieleza jambo lile lile kwa kurasa nyingi. Yeye alikuwa amelijua kwa kuharibikiwa na filamu aliyoinunua kwa pesa zake, na rola moja ilikuwa na picha 36 tu.

Uhaba huo wa filamu ulimfunza kungoja, naye akatufunza sisi. Hakubonyeza mpaka mtu amalize kujitengeneza, apumue, ausahau ule uso wa kupigwa picha. Kwa mzee alisimama, akamwamkua kwa heshima zote, akauliza habari za ng'ombe na za mvua, na wakati mzee akijibu kuhusu ng'ombe wake, picha ikachukuliwa. Kwa waliofiwa alikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote: usipige anayeanguka kwa kilio, usimpite mjane mbele, piga mikono, piga umati, piga kaburi likiwa limeshafunikwa. Leo, simu zikiwa zimejaa kwenye kila mazishi, naona sheria hizo zina thamani kuliko lenzi yoyote aliyokuwa nayo. Andika za mwalimu wako. Zikikosa kuandikwa, kizazi kimoja kinatosha kuzipoteza.

Na umpige picha yeye. Kama yu hai, fanya wiki hii. Usimtoe studio ukampeleka bustanini na kumvalisha tai isiyo yake. Mpige akiwa kazini: mkono ukigeuza kidevu cha mtoto, macho yakitazama negativu dirishani, kidole kikipitia daftari. Mpige pamoja na mkewe, maana mara nyingi yeye ndiye aliyekata picha za pasipoti na kukusanya madeni. Halafu usafishe nakala kubwa umpelekee nyumbani, katika fremu. Ukutani mwa sebule zetu, juu kabisa karibu na dari, kuna picha za kila mtu ambazo yeye alizipiga. Na yake iwe kwake.

Kuna suala la haki, na hapa naomba nisikilizwe vizuri kwa sababu nimeona urafiki ukivunjika. Maboksi ni mali ya familia. Uanafunzi haukupi urithi. Kabla ya kuyagusa, kaa na mjane au watoto, mwandike karatasi fupi: umechukua nini, kwa muda gani, nakala zitakuwa za nani, na kama kuna pesa itapatikana, itagawanywaje. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda picha kwa miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa hadharani au ilipochapishwa, kwa kufuata lililokuja mwisho. Na kazi iliyoagizwa na mteja, sheria hiyo humchukulia mteja kuwa ndiye mwenye haki, isipokuwa walikubaliana vingine. Maana yake, yule mama wa gauni la Jumapili ana neno katika jambo hili, na watoto wake pia. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hata pasingekuwa na sheria, picha ya bibi ya mtu haiwekwi hadharani bila kuuliza nyumba yake. Wengi wakiulizwa hukubali kwa furaha na kukuongezea hadithi. Anayekataa, heshimu neno lake, rudisha bahasha mahali pake.

Familia ikiridhia, tafuta makao ya kudumu kwa angalau nakala. Makumbusho ya Kisumu, Makumbusho ya Amani ya Abasuba kisiwani Mfangano, maktaba ya Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi: andika barua, eleza una nini, una picha ngapi, zina majina au hazina. Penye majina watakusikiliza upesi zaidi. Faida ya makao hayo utaiona kwa Mohamed Amin. Wazee wetu wanaikumbuka 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi nje ya duka la dawa la Chhani, na Amin alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza kufika. Amin mwenyewe alikufa ghafla, 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Lakini Camerapix, kampuni aliyoianzisha mwaka 1963 akiwa kijana Dar es Salaam, ilikuwa na ofisi, wafanyakazi na hifadhi ya kazi zake, na mwanawe Salim akaiendeleza. Mtu wa studio ya Rangwe hana kampuni. Wewe na wenzako ndio ofisi yake.

Usisahau kufunza. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza upigaji picha mwenyewe na kuaga mwaka 1993, aliwaachia wanawe studio na ujuzi, nao wakaendelea. Kwa jina la Mohamed Amin kulianzishwa wakfu wenye shule ya kufunza vijana wa Afrika Mashariki kazi ya filamu na televisheni. Mfano unaonipendeza zaidi ni wa watu wenye vifaa hafifu kabisa. Mwaka 1997, Mathare, mpiga picha Lana Wong na Francis Kimanzi, yule ambaye baadaye nchi ilimjua kama kocha wa Harambee Stars, waliwapa vijana wa chama cha michezo cha MYSA kamera za plastiki za bei ndogo, wakakutana nao mara kwa mara, wakawafunza kupiga na kuandika juu ya maisha yao wenyewe. Mwaka 1999 picha hizo zikawa kitabu, Shootback.

Hapa Rangwe simu zipo tayari. Mchukue kijana mmoja au wawili, usianze na darasa kubwa. Chagua anayeuliza maswali kuliko mwenye simu nzuri. Siku ya kwanza mpeleke upenuni na shuka jeupe, mfundishe kubonyeza skrini penye uso mpaka mwanga ufungwe, kisha kuuteremsha kidogo. Mpe picha 36 tu kwa siku nzima, kama tulivyopewa sisi, na umkataze kufuta. Jioni mketi mzitazame zote, hata mbovu, naye akueleze kila moja aliipiga kwa nini. Kwa kila mtu aliyempiga, akuonyeshe jina kamili alilomwandika. Mwezi wa kwanza usimpeleke kwenye mazishi. Wa pili, mpeleke, akubebee begi, asipige.